Chumba cha Projekta Pale Majestic

Ukitoka Kikwajuni kwa miguu ukashika njia ya Vuga, haikuchukui muda unalifikia jengo la sinema ya zamani ya Majestic. Wageni hupiga picha uso wake. Mie nakuomba ufikirie chumba kidogo cha juu, nyuma ya watazamaji: chumba cha projekta. Kwa nini sinema za zamani zilikiweka huko?

Jibu la haraka ni vichwa. Mwanga lazima upite juu ya watu, la sivyo kila anayeinuka kwenda kununua karanga anakuwa mwigizaji. Jibu zito ni moto. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu za sinema zilikuwa za selulosi naitreti, kitu ambacho kikishaungua hujitolea oksijeni chenyewe, kwa hiyo hata ukikitumbukiza majini hakizimiki. Na filamu hiyo ilikuwa inapita karibu na taa ya kaboni yenye joto la maelfu ya nyuzi! Ndiyo maana vyumba vile vilijengwa kwa kuta zisizoshika moto, na vitundu vya kupitishia mwanga vikawa na vifuniko vya chuma vya kujifunga moto ukizuka. Watazamaji walipata muda wa kukimbia. Fundi aliyekuwa ndani je? Yeye awahi mlango wake. (Historia za sinema humtaja kwa nadra, na hilo linanikera.)

Majestic yenyewe, iliyofunguliwa 1955, imesimama palipokuwa na Royal, ukumbi uliochorwa na J. H. Sinclair, huyohuyo wa Beit el-Amani. Royal iliungua.

Siku hizi naitreti haipo, lakini hesabu ya mwanga ni ileile. Tuseme unataka kuonyesha mpira kwenye ukuta wa fleti za Kikwajuni. Ukiirudisha projekta nyuma mara mbili, eneo la picha linakuwa mara nne, na kila kipande cha ukuta kinapata robo tu ya mwanga wa mwanzo. Kwa hiyo usiisogeze nyuma kwa tamaa ya picha kubwa, na mechi ya saa kumi jioni isahau: hata ZIFF, pale Ngome Kongwe, filamu za uwanjani husubiri giza. Ukiinamisha projekta kutoka juu, picha inapanuka chini. Ukiiinua kutoka chini, inapanuka juu. Menyu ina kirekebishi, ila kinakula ubora. Bora iwe sawa na ukuta tangu mwanzo, na feni yake isizibwe, maana joto letu halina huruma na taa.