Mpemba, Mshirazi au Mwafrika? Sukari ya damu na kisanduku cha asili

Hebu mfikirie kijana wa miaka 14 kutoka Kiuyu, kaskazini mashariki mwa Pemba, aliyehamia Marekani na wazazi wake na sasa uzito umemzidi. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaelekeza kijana kama huyo apimwe sukari iwapo ana jambo jingine linaloongeza hatari, na mojawapo ni asili: Mmarekani mweusi, Mlatino, mtu wa asili ya Asia na kadhalika. Kinachotafutwa si kisukari peke yake, bali pia ile hali ya kukielekea. Kwa vipimo vyao, mtu aliyelala bila kula anakutwa na milimoli 5.6 hadi 6.9 kwa lita.

Sasa, kijana wetu atie alama wapi?

Ukidhani ni rahisi, rudi Pemba ya wakoloni. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, Waswahili wa Zanzibar walipungua ajabu kwenye vitabu. Hawakufa wala hawakuhama. Wengi walijiandikisha upya kwa majina mengine, Ushirazi ukiwemo. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na mgao wa chakula ukafuata asili ya mtu: Waarabu na Wahindi wakapewa mchele, Waafrika wakaambiwa mahindi yanawatosha. Umeona? Jina la kabila liliamua nini kiingie sahanini. Mtafiti angepima damu za watu hao na kukuta tofauti, angesema ni ya kabila, au ya mgao?

Bara nako swali hilo lilijitokeza. Mwaka 1989, Donald McLarty na wenzake waliripoti kwamba katika vijiji sita vya Tanzania kisukari kilikuwa kwa takriban mtu mmoja katika kila 100. Kwa Wahindi wa Dar es Salaam kilikuwa juu zaidi. Lakini wale walikuwa wakulima na hawa watu wa mjini, kwa hiyo mizani yenyewe haikukaa sawa. Mwaka 1991 Kaushik Ramaiya na wenzake wakawatazama Wahindu wa Dar kwa jumuiya zao saba, na viwango vikapishana sana kati ya jumuiya na jumuiya. Lile neno moja, "Mhindi", lilikuwa limeficha mengi. Utafiti uliotoka 2000 ukalinganisha Ilala mjini na kijiji cha Shari, Kilimanjaro: Ilala karibu 6%, Shari chini ya 2%. Safari hii hakuna Mhindi wa kusingiziwa.

Simaanishi asili ni bure. Watu wa Asia ya Kusini hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, hilo limethibitika. Na asili ya kijana wetu inaweza kumgusa mahali pengine kabisa. Malaria ya karne nyingi imeacha vinasaba vya selimundu katika pwani hii. Mwenye kinasaba kimoja hana ugonjwa, lakini kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinaweza kumsomea chini ya ukweli, akaambiwa yuko salama. Kisanduku cha "mweusi" hakimwambii muuguzi lolote kuhusu hilo. Bora mama aulizwe kama kuna selimundu katika ukoo, na kijana apimwe asubuhi kabla hajanywa chai.