Asili ya Jina Marealle

Majina mengi ya Wachagga ni ya koo, nayo yameenea katika miteremko mingi ya Kilimanjaro. Jina Marealle si la ukoo. Asili yake ni mtu mmoja, Mangi Marealle wa ukoo wa Lyimo, aliyetawala Marangu wakati Wajerumani walipoingia nchini. Ndiyo sababu akina Lyimo ni wengi, na akina Marealle ni wachache, shina lao likiwa Marangu.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Mamba, jirani ya Marangu, mwaka 1894. Shule na ofisi za serikali zilipotaka jina la pili, wengine waliandikisha la ukoo, wengine la baba au babu. Hivyo jina la Mangi likarithiwa na uzao wake. Petro Itosi Marealle alilitangaza kwa kitabu chake, *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, cha mwaka 1947. Mwaka 1951 Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi, alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga, cheo kilichokoma mwaka 1960.

Hata hivyo, sifa ya jina huweza kuuficha ukoo. Kwa desturi ya wazee, watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kijana wa Marealle na binti wa Lyimo wakikutana Dar es Salaam, huenda wasijue kuwa ni ndugu. Jina huandikwa daftarini. Ukoo husimuliwa nyumbani. Wazazi wasiache kuusimulia.