Kudekeza na kuengaenga

Kiingereza kina kitenzi mollycoddle. Molly ni jina la kumwitia Mary kwa mapenzi. Coddle ni kupika yai polepole katika maji yasiyochemka sawasawa. Kilianza kutumika karne ya 19, kikiwa na dharau ndani yake: anayetunzwa hivyo huonekana legelege. Wafasiri wengi hukipa neno moja tu, kudekeza, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Kudekeza kumetokana na kudeka, na anayedeka ni mtoto mwenyewe: hujilegeza, hununa, hutaka abembelezwe. Mzazi humdekeza anapoitikia kila deko. Ingia ploti yoyote ya Baba Dogo, Nairobi, Jumamosi watu wakifua. Mama ameinamia karai, anafikicha soksi za mwanawe wa Gredi ya 8, na kijana amekaa mlangoni na simu, analalamika kwamba chai imepoa. Jirani anayeanika nguo atasema tu, "Wacha kumdekeza huyo kijana, mama." Hapo neno limetua mahali pake.

Sasa mchukue mtoto anayekatazwa kukimbia asianguke, kuvua sweta jua likiwaka, kucheza na wenzake asije akapata kikohozi. Huyo hadeki hata kidogo. Pengine analia atolewe nje. Kinachotenda kazi ni hofu ya mzazi, na hofu hiyo ina kitenzi chake: kuengaenga. Kinasikika kwa nadra Nairobi, lakini ni Kiswahili safi, na ndicho kinachobeba lile yai la Waingereza.  

Vitenzi vyote viwili vimekwisha kubeba maana ya kupita kiasi, kwa hiyo "kudekeza kupita kiasi" ni kurudia maneno. Pia havifai mahali penye hatari ya kweli. Baba Dogo ni mtaa wa viwanda na malori. Mzazi anayemshika mkono mtoto wa miaka sita kuvuka barabara hapo hamdekezi wala hamwengiengi. Anamlinda, na asisemwe vibaya kwa hilo.

Mfasiri, kabla hujaandika kudekeza, mtazame kwanza mtoto anayezungumziwa. Kama hadeki, tafuta neno jingine.