Namna ya kusimamia huduma ya kutuma barua pepe kwa wingi

MFANYABIASHARA wa Majengo, Nairobi, mtaa ulio karibu na soko la Gikomba, hahitaji mtambo wake mwenyewe ili kuwaandikia maelfu ya wateja. Huduma kama Amazon SES, iliyozinduliwa 2011, hutuma barua pepe kupitia kompyuta za mbali, maarufu kama ‘wingu’, na malipo hutegemea idadi ya barua.

Hata hivyo, kulipa si hakikisho kwamba barua itasomwa. Risiti ikitupwa katika kapu la barua taka, mteja hudhani amepuuzwa.

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe vikoa vyao. SPF hutaja mitambo iliyoruhusiwa kutuma, DKIM hutia sahihi, nayo DMARC hueleza barua isiyothibitishwa ifanyiwe nini. Matangazo sharti yawe na njia rahisi ya kujiondoa, na malalamiko yasifikie asilimia 0.3.

Msimamizi akague ripoti kila wiki. Anwani zinazorudisha barua aziondoe. Amazon hushauri zisizidi asilimia 5, na zikipita 10 huenda ikasimamisha utumaji. Funguo za siri za aliyeacha kazi zifutwe, kwani mwizi akizipata, gharama na aibu ni za mwenye akaunti.

Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hudai idhini ya mtu, au ruhusa ya sheria, kabla ya habari zake kutumiwa kibiashara. Hivyo basi, orodha fupi ya walioridhia ni bora kuliko ndefu iliyonunuliwa.