Miaka 62 ya kudai kura: Wanawake wa Uingereza walivyopambana mpaka Bunge likasalimu amri

Leo mwanamke wa Uingereza akifikisha miaka 18 anajiandikisha na kupiga kura, hakuna anayemuuliza kitu. Lakini haki hiyo haikuja kwa hisani. Kuanzia ombi la kwanza kubwa lililofikishwa bungeni mwaka 1866 mpaka wanawake walipolingana na wanaume mwaka 1928, ilipita miaka 62. Katikati kuna jela, migomo ya kula, mifupa iliyovunjika na ugomvi mkubwa baina ya wanaharakati wenyewe.

Hii ndiyo safari yao, na watu walioiongoza.

Ilianzaje?

Mwaka 1832 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuongeza idadi ya wapiga kura. Kumbe ndani yake kulikuwa na neno lililofunga mlango: mpiga kura lazima awe mwanamume. Kabla ya hapo wanawake walizuiwa kwa mazoea tu. Sasa wakazuiwa kwa maandishi.

Juni 7, 1866, Emily Davies na Elizabeth Garrett walikwenda Westminster na karatasi ndefu iliyoviringishwa, yenye sahihi takriban 1,500 za wanawake wanaodai kura. Inasimuliwa kwamba waliona haya kuonekana na mzigo ule, wakamwomba mama mmoja muuza matufaha auhifadhi chini ya meza yake mpaka mbunge waliyemfuata afike.

Mbunge huyo alikuwa John Stuart Mill, mwanafalsafa. Mei 1867 alipendekeza neno "mwanamume" libadilishwe liwe "mtu". Basi, ni hilo tu. Alishindwa kwa kura 196 dhidi ya 73.

Siku hiyo, miongoni mwa waliomsikiliza Mill alikuwemo msichana wa miaka 19 aitwaye Millicent Fawcett. Mkumbuke huyu, tutarudi kwake.

Wengine wakawatangulia

Uingereza ilipokuwa inapiga danadana, makoloni yake yakaipita. New Zealand iliwapa wanawake kura Septemba 19, 1893, baada ya kampeni iliyoongozwa na Kate Sheppard na ombi lililokusanya sahihi karibu 32,000. Ikawa nchi ya kwanza inayojitawala kufanya hivyo katika uchaguzi wa kitaifa. Australia ikafuata mwaka 1902, ingawa wazawa wengi wa bara hilo waliachwa nje. Finland ilifanya hivyo mwaka 1906, na mwaka uliofuata ikachagua wabunge wanawake 19.

Makundi mawili, njia mbili

Mwaka 1897 vyama vidogovidogo vya Uingereza viliungana, na Millicent Fawcett akawa kiongozi wao mkuu. Njia yake ilikuwa ya taratibu: barua, mikutano, maandamano ya amani, kuwashawishi wabunge mmoja mmoja. Kufikia mwaka 1914 muungano huo ulikuwa na wanachama zaidi ya 50,000.

Lakini kuna waliochoka kusubiri. Oktoba 1903, mjini Manchester, mjane Emmeline Pankhurst na binti zake walianzisha chama kingine kilichojulikana kwa kifupi kama WSPU. Kauli mbiu yao ilikuwa vitendo, si maneno.

Miaka miwili baadaye wakaonyesha walichomaanisha. Oktoba 1905, Christabel Pankhurst na Annie Kenney walisimama kwenye mkutano wa chama cha Liberal na kuuliza kama serikali itawapa wanawake kura. Hawakujibiwa. Wakauliza tena, wakatolewa nje kwa nguvu, wakakamatwa. Mahakama iliwapa nafasi ya kulipa faini. Walikataa, wakachagua jela. Kesho yake magazeti yote yalikuwa yanawazungumzia.

Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail likawabandika jina la kejeli: "suffragettes". Wenyewe wakalichukua na kulivaa kama sare. Ndiyo maana historia bado inawaita masufrajeti.

Mambo yalivyochafuka

Novemba 18, 1910, takriban wanawake 300 walielekea bungeni baada ya muswada wa kuwapa baadhi yao kura kukwama. Polisi waliwapiga, kuwasukuma na kuwadhalilisha kijinsia kwa saa kadhaa. Siku hiyo inaitwa Ijumaa Nyeusi.

Baada ya hapo masufrajeti walizidisha ukali. Walivunja vioo vya maduka, wakachoma masanduku ya barua na nyumba zisizo na watu. Machi 1914 Mary Richardson aliingia jumba la sanaa jijini London na kuchanachana mchoro maarufu wa Velázquez.

Zaidi ya wanawake 1,000 walifungwa katika harakati hizo. Mwaka 1909 Marion Wallace Dunlop alianza kugoma kula akiwa gerezani, na wengine wakamfuata. Serikali ikajibu kwa kuwalisha kwa nguvu: mfungwa anashikiliwa, mpira unapitishwa puani au mdomoni, chakula kinamiminwa. Wengine walitoka na majeraha ya kudumu.

Wananchi walipoanza kulalamika, ikaja sheria ya mwaka 1913 iliyopewa jina la Paka na Panya. Anayegoma kula anaachiwa akidhoofika, akipata nafuu anakamatwa tena kumalizia kifungo.

Juni 4 mwaka huohuo, Emily Wilding Davison aliingia uwanjani katikati ya mbio za farasi za Derby, Epsom, mbele ya farasi wa Mfalme George wa Tano. Aligongwa, akafariki siku nne baadaye. Mpaka leo watu wanabishana kama alikusudia kufa, maana mfukoni alikutwa na tiketi ya treni ya kurudi.

Wiki chache baadaye kundi la Fawcett likafanya la kwake: wanawake walitembea kwa miguu kutoka pande zote za nchi na kukutana Hyde Park, London, Julai 26, bila kuvunja hata kioo kimoja.

Ni njia ipi ilileta ushindi? Wanahistoria hawajakubaliana. Wapo wanaosema fujo ziliwapa wapinzani kisingizio. Wengine wanasema bila fujo hakuna ambaye angegeuza kichwa.

Viongozi wa kuwajua

*Millicent Fawcett.* Alipinga fujo tangu mwanzo lakini hakukata tamaa. Aprili 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuwekewa sanamu katika uwanja wa Parliament Square, London.

*Emmeline Pankhurst.* Msemaji hodari, aliyefungwa mara kadhaa. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914 alisimamisha kampeni na kuiunga mkono serikali.

*Annie Kenney.* Alianza kazi kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa WSPU waliotoka tabaka la wafanyakazi.

*Sophia Duleep Singh.* Binti wa kifalme kutoka ukoo wa Punjab, India, na Malkia Victoria ndiye aliyekuwa mama yake wa ubatizo. Aliuza gazeti la masufrajeti nje ya kasri la Hampton Court na kugoma kulipa kodi, akisema asiye na kura hapaswi kutozwa. Vito vyake vilikamatwa na kupigwa mnada.

*Sylvia Pankhurst.* Binti wa Emmeline na msanii. Aliwapigania wanawake maskini wa mashariki mwa London, akapinga vita, na akatofautiana na mama yake moja kwa moja. Baadaye alisimama na Ethiopia ilipovamiwa na Italia, akahamia Addis Ababa mwaka 1956. Alifariki huko mwaka 1960 na kuzikwa kwa heshima ya kitaifa.

Ushindi wa nusu, kisha wote

Februari 6, 1918, sheria ikapita. Wanawake takriban milioni 8.4 walipata kura, ila kwa sharti: uwe na miaka 30 na wewe au mumeo mtimize kigezo cha mali au makazi. Wanaume walitakiwa kuwa na miaka 21 tu.

Kwa nini 30? Vita vilikuwa vimeua wanaume wengi, na wanasiasa waliogopa wanawake kuwa wengi kuliko wanaume kwenye daftari la wapiga kura. Matokeo yake, wasichana wengi waliotengeneza mabomu viwandani wakati wa vita, kazi iliyotajwa sana kama sababu ya kuwapa wanawake kura, hawakupata kitu.

Walisubiri miaka mingine 10. Julai 2, 1928, umri ukawa 21 kwa wote. Emmeline Pankhurst alikuwa amefariki Juni 14, wiki mbili na ushee kabla. Fawcett, yule msichana wa 1867, alikuwa hai na miaka 81. Alifariki mwaka uliofuata.

Na huku Afrika Mashariki?

Wanawake wa Kizungu walioishi Kenya walipewa kura mwaka 1919, bila kusubiri kufika miaka 30 kama wenzao wa Uingereza. Waafrika, wanawake kwa wanaume, hawakuwa nayo. Walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, masharti ya elimu, kipato na mali yaliwabakisha wengi nje.

Tanganyika nayo mwaka 1958 ilimtaka mpiga kura awe na kipato fulani, elimu fulani au cheo fulani. Kwa wanawake ambao shule ziliwapita mbali, sharti hilo lilikuwa ukuta. Hawa ndio waliojazana kwenye mikutano ya TANU wakihamasishwa na Bibi Titi Mohamed: waliijenga harakati ya uhuru, lakini wengi wao hawakuruhusiwa kuipigia kura.

Masharti hayo yaliondoka pamoja na mkoloni. Novemba 1962 watu wazima wa Tanganyika walimchagua rais bila kuulizwa kipato wala cheti, na Mei 1963 Wakenya nao wakapiga kura kwa msingi wa mtu mmoja, kura moja.