Chekecheke na Istilahi: Historia ya Kuhesabu Viumbe Wadogo wa Tope

Mfasiri wa taarifa za uchunguzi wa milango ya mito huweza kukutana na sentensi fupi isemayo kwamba tope la mahali fulani halina wanyama. Kabla ya kuifasiri, na hasa kabla ya mtumishi wa serikali kuitegemea katika kuamua iwapo mahali hapo pafukiwe, hatuna budi kuuliza: wanyama hao walitafutwa kwa chekecheke lenye matundu ya ukubwa gani? Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ndilo lililozaa istilahi za taaluma hii.

Mwanzoni mwa karne ya 20, C. G. J. Petersen wa Denmark alichota tope la sakafu ya bahari kwa chombo cha kipimo maalumu, akahesabu wanyama waliomo. Hesabu za namna hiyo zilihusu chaza, minyoo na wengineo waonekanao kwa macho. Wadogo walipenya matundu wakaenda na maji. Katika miaka ya 1920 na 1930, Adolf Remane alichunguza mchanga wa Ghuba ya Kiel, Ujerumani, akadhihirisha kwamba nafasi zilizomo baina ya chembe za mchanga ni makao ya jamii kamili ya wanyama. Mwaka 1942 Molly Mare, aliyechunguza tope la bahari karibu na Plymouth, Uingereza, aliwapa wanyama wa kimo cha kati jina lao: meiobenthosi. Mwaka uliofuata, Pennak na Zinn walitangaza kundi jipya kabisa la krasteshia, lililopatikana katika mchanga wa pwani ya Massachusetts, Marekani. Viumbe hao hawafiki hata milimita moja kwa urefu.

Hivi leo desturi ni kuwahesabu katika kundi hilo wanyama wanaopenya chekecheke la milimita 1, au 0.5 kwa baadhi ya wataalamu, lakini wakanaswa na lile la milimita 0.063 au dogo kuliko hilo. Ni dhahiri, basi, kwamba jina hili halitaji ukoo, linataja kipimo. Kaa na chaza wachanga huweza kuwemo kwa muda, kisha wakakua wakatoka.

Sasa tutazame Kiswahili. Neno la Mare limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "ndogo zaidi", lakini maana aliyoikusudia ni ya kati. Tukifuata asili ya neno tutapotea. Tukifuata maana tutapata "wanyamakati wa tope na mchanga", na hilo ndilo tunalolipendekeza.

Kwa kopepoda mambo ni kinyume. Asili ya jina ni kasia na mguu, na mtu angeweza kuunda "miguu-kasia". Hata hivyo wengi wa kopepoda wa mchangani wana miili myembamba kama minyoo, nao hutambaa baina ya chembe badala ya kuogelea. Afadhali tulitohoe neno kuliko kumchorea mwanafunzi picha isiyo ya kweli. Vivyo hivyo, Corophium volutator, achimbaye tundu lenye umbo la herufi U katika tope la milango ya mito ya Ulaya, Waingereza humwita kamba wa tope, ingawa yeye ni amfipoda. Tukimwita kamba, au tukiwajumlisha wote katika neno "uduvi", msomaji wa pwani atafikiria kitoweo. Tukiwaita "wadudu", tutakuwa tumewahamisha ukoo.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Corophium huyo ni chakula kikuu cha ndege wahamao wanaotua katika Ghuba ya Fundy, Kanada, na kopepoda wa tope huliwa na samaki wachanga. Tope lililoandikwa "tupu" laweza kuwa ghala la chakula.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wasiache kamwe kipimo cha chekecheke katika tafsiri zao. Pasipo kipimo hicho, wasiandike "hakuna wanyama"; waandike "hawakunaswa wanyama".