Mchungaji, Mkulima na Kitabu: Usuli wa Mafunzo ya Kikristo katika Delta ya Mto Tana

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeushughulikia utenzi wa kidini kwa mapana na marefu, lakini umeyaacha mahubiri pembeni, kana kwamba hayana sanaa wala historia. Ilhali mhubiri wa kijijini hufanya kazi ambayo mhakiki yeyote angeitambua kuwa yake: hulifasiri Andiko kwa kulitazama katika maisha ya wasikilizaji wake, kisha huyafasiri maisha hayo kwa kuyarejesha katika Andiko. Funzo huzaliwa pale yanapokutana mambo hayo mawili. Yasipokutana vizuri, hubaki maonyo matupu.

Makala haya yanachunguza makutano hayo katika delta ya mto Tana, kwa kukitazama kijiji cha Chara na jirani zake wa upande wa Garsen. Wenyeji wa Chara ni Wapokomo, wakulima wa kingo za mto; majirani wao wa tangu kale ni Waorma, wafugaji. Hoja inayotetewa ni kwamba Biblia, ambayo kwa kiasi kikubwa imejaa taswira za uchungaji, ilipokewa hapa na watu wa jembe na mtumbwi, na kwamba hali hiyo humpa msomaji wa Chara nafasi ya kuliona Andiko kutoka upande ambao mara nyingi husahauliwa. Mhubiri asiyeizingatia nafasi hiyo hupoteza zaidi ya utamu wa mfano, kwa sababu katika delta hii uhusiano wa mkulima na mchungaji umewahi kuwa suala la uhai na mauti.

Kitabu na Njia Yake

Historia yenyewe ina kinaya. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi, na shabaha yake ilikuwa kuwafikia kutoka kusini watu ambao maandishi ya wakati ule yaliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Waorma wa Tana ni tawi la watu hao. Wamethodisti walioanza kazi Ribe mwaka 1862 chini ya Thomas Wakefield waliirithi shabaha hiyo hiyo. Walipofungua kituo cha Golbanti mwaka 1885, macho yao yalikuwa juu ya wafugaji. Mwaka uliofuata, mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika shambulio la Wamaasai kituoni hapo.

Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika mwaka 1887, na kituo chao kikuu kikawa Ngao. Hao walielekea kwa Wapokomo moja kwa moja. Ferdinand Würtz alijifunza lugha yao, na mwaka 1894 Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kipokomo. Agano Jipya lilifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa upande wa Kiswahili, Biblia nzima ilipatikana katika lahaja ya Unguja mwaka 1891, kisha katika lahaja ya Mombasa mwaka 1914, kabla ya tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 kuenea kotekote. Hivyo Mkristo wa delta amekuwa na masikio mawili: moja la lugha ya nyumbani na moja la lugha ya pwani.

Matokeo ya juhudi hizo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Wafugaji waliokusudiwa tangu siku za Krapf waliingia Uislamu, wengi wao katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Waliokipokea Kitabu ni wakulima wa sehemu ya chini ya mto, huku Wapokomo wa juu, kwa wingi wao, wakiwa Waislamu. Kwa hiyo mpaka wa dini katika Tana haulingani sawasawa na mpaka wa kabila, na mhubiri anayedhani kuwa unalingana huanza na kosa la kihistoria. Lililo muhimu zaidi kwa uhakiki ni hili: ujumbe ulioandaliwa kwa ajili ya mtu wa ng'ombe ulifunguliwa na mtu wa mpunga.

Mawaidha Yaliyotangulia

Wamisionari hawakufika mahali pasipo na desturi ya kuchota mafunzo kutoka katika mambo yanayoonekana. Kaskazini kidogo ya delta ndiko zilikokuwa ofisi kuu za utenzi wa mawaidha. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huuonya moyo kwa kuutazamisha magofu ya Pate. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hugeuza shughuli za nyumbani kuwa somo la dunia na akhera. Masimulizi ya Fumo Liyongo nayo yamefungamana na Ozi na Kipini, pale Tana inapoingia baharini. Neno lenyewe 'ibra', yaani tukio linalobeba onyo, lilikuwa limekwisha kukomaa katika Kiswahili cha pwani kabla ya neno 'mfano' kupewa kazi ya kuitafsiri mifano ya Yesu.

Wakristo nao waliutumia urithi huo. Mathias Mnyampala wa Dodoma aliiweka Injili katika bahari ya utenzi mwaka 1963 na Zaburi mwaka 1965, na kwa njia hiyo akathibitisha kuwa umbo lililolelewa na Uislamu wa pwani lingeweza kubeba ujumbe wa Kikristo bila kuvunjika. Delta yenyewe ilitoa ushahidi wa namna nyingine. Wimbo wa taifa la Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, umejengwa juu ya lahani ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo, ambayo Meza Morowa Galana aliwapa waliokabidhiwa kazi hiyo. Sauti iliyotungwa ili mtoto anyamaze ikawa sauti ya taifa zima likimwomba Mungu. Mfano bora zaidi wa maisha ya kila siku kugeuka sala ni vigumu kuupata.

Mchungaji na Malka

Taswira ya kwanza ya kuchunguzwa ni ya mchungaji. Kiswahili kimeweka ndani ya neno hili watu wawili: anayeswaga mifugo malishoni na kasisi anayesimama madhabahuni. Isitoshe, kitenzi 'chunga' kina maana ya kulisha na pia ya kutahadhari. Kwa msikilizaji wa Chara maana hizi hazikai mbali mbali. Wakati wa kiangazi wafugaji hutoka nyika kavu na kushuka deltani kutafuta majani na maji. Njia zao za kuufikia mto, ziitwazo malka, hupita baina ya mashamba, na malka ikizibwa na mazao, au mifugo ikitoka nje ya malka, ugomvi huwa umekaribia.

Zaburi ya 23 humsifu Bwana kama mchungaji anayemwongoza kondoo wake hadi kwenye maji matulivu. Mtunzi wake hasemi maji hayo yako kando ya shamba la nani. Mkulima wa delta hulazimika kuuliza. Akiuliza, halikufuru Andiko. Analisoma kwa ukamilifu. Zaburi hiyo husemwa na kondoo, si na mwenye shamba, na kumpa mwenye shamba maneno ya kondoo ni kumtaka ajione kuwa yeye pia ni kiumbe anayehitaji kupitishwa mahali ambapo si pake. Hilo ni funzo zito kuliko faraja ya kawaida ambayo zaburi hii hutumiwa kuitoa mazishini.

Andiko lina jibu kwa upande wa pili pia. Katika sura ya 34 ya Ezekieli, baada ya wachungaji wabaya kukemewa kwa kujilisha wenyewe, lawama huwageukia kondoo walionona: wamekula malisho mema, kisha yaliyosalia wakayakanyaga, wamekunywa maji safi, kisha wakayachafua kwa miguu yao, na wengine wakaachiwa matope. Hapana sura nyingine ya Biblia inayoielekea malka moja kwa moja kiasi hiki. Zaburi ya 23 ikihubiriwa peke yake, mkulima hutakiwa kuvumilia tu. Ezekieli akihubiriwa peke yake, mfugaji hushitakiwa tu. Zikisomwa pamoja, haki ya kufika majini hufungamana na wajibu wa kuyaacha yakiwa safi.

Mpanzi na Mto

Injili ya Marko, kitabu cha kwanza cha Biblia kuchapishwa kwa Kipokomo, ina mfano wa mpanzi katika sura ya 4. Hapa mkulima hatimaye anajikuta mbele ya mtu wa kazi yake. Hata hivyo, hata mfano huu haumfai bila kufikiriwa. Mbegu za mfano huangamia kwa sababu ya aina ya ardhi: njiani, penye mawe, penye miiba. Katika delta mashaka makubwa ni ya maji. Kilimo cha asili cha kando ya Tana kimetegemea mafuriko yanayokuja na misimu miwili ya mvua, yakaleta rutuba na unyevu. Maji yakikosa kupanda, mpunga hukauka hata katika udongo mzuri. Yakipanda kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 1961 na wakati wa El Nino ya 1997 hadi 1998, huchukua shamba pamoja na nyumba. Tangu mabwawa ya juu yajengwe, likiwemo la Masinga la mwaka 1981 na la Kiambere la mwaka 1988, mwendo wa mafuriko hautegemei mvua pekee.

Mhubiri anayesema kuwa mavuno haba ni dalili ya moyo mgumu huwa ameyageuza maelezo ya mfano kuwa hukumu juu ya watu ambao mavuno yao yameharibiwa na mambo yaliyo mbali nao. Mfano wenyewe haumlaumu mpanzi hata mara moja. Zaidi ya hayo, haumsifu kwa kuchagua mahali. Hutupa mbegu hata njiani, na kwa mujibu wa Luka zile za njiani zikakanyagwa. Mkulima wa delta, anayejua njia inayokatiza shambani ni ya nani, ndiye anayeweza kuupima ukarimu huo kwa gharama yake halisi.

Hali ni hiyo hiyo kwa mfano wa nyumba mbili unaokamilisha mahubiri ya mlimani. Mwenye hekima hujenga juu ya mwamba. Delta ni nchi ya mchanga na matope, na vijiji husimama kwenye kingo zilizoinuka kidogo. Kwa baharia wa Kipini, mwamba ni kitu cha kuogopwa, maana ndio upasuao chombo. Funzo halipotei kwa sababu hiyo, lakini hubadilika: pasipo na mwamba, uthabiti hutafutwa katika kutenda yaliyosikiwa, na hapo ndipo Yesu mwenyewe alipouweka mkazo.

Kaini, Msamaria na Mwaka 2012

Taswira zote zilizotajwa hukutana katika sura ya 4 ya Mwanzo. Kaini ni mkulima na Habili ni mchungaji. Sadaka ya mchungaji yapokewa, ya mkulima yakataliwa, na masimulizi hayaelezi sababu. Mkulima anamuua nduguye shambani. Masimulizi ya wana wawili wa Adamu yamo pia katika Kurani, sura ya tano, bila majina, na mapokeo ya Kiislamu huwaita Kabili na Habili. Kwa hiyo ni kisa ambacho Mpokomo na Muorma, kila mmoja kwa njia ya dini yake, wamekirithi kwa pamoja.

Kati ya Agosti na Desemba 2012, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao ni majina yanayokumbukwa kwa sababu hiyo. Pande zote mbili zilizika watu, wakiwemo wanawake na watoto, na shambulio moja lilijibiwa kwa jingine. Mtu hawezi kukisoma kisa cha Kaini mahali hapo kama hadithi ya kale. Hatari ni kukisoma kwa kugawa majina, huyu Kaini, yule Habili, kwa kufuata kazi au kabila. Masimulizi yenyewe huizuia tafsiri hiyo katika sehemu ambayo mahubiri mengi huiruka. Adhabu ya Kaini ni kwamba ardhi haitampa tena nguvu zake, naye atakuwa mtu wa kutangatanga: aliyeua akiwa mwenye shamba analikosa shamba, na anaanza kuishi maisha ya kuhamahama kama mtu asiye na kwao. Anapoogopa kwamba yeyote atakayemwona atamuua, Mungu humwekea alama. Katika usemi wa kila siku alama ya Kaini imekuwa alama ya aibu. Katika Andiko ni kinga. Imewekwa ili damu ya Habili isilipiwe kisasi. Mungu anayeisikia damu ikilia kutoka ardhini ndiye huyo huyo anayekataza damu ya pili.

Mfano wa Msamaria mwema hulikamilisha somo hili. Mwanasheria huuliza jirani yake ni nani, na Yesu humrudishia swali likiwa limegeuzwa: ni nani aliyekuwa jirani kwa majeruhi? Msikilizaji hutakiwa ajione kwanza akiwa amelala njiani, akihudumiwa na mtu wa kundi asilolipenda. Katika Chara, kuhubiri kuwa Wakristo wawasaidie jirani zao ni jambo jema lakini ni nusu ya mfano. Nusu ya pili ni mkulima akubali kuwaza mkono wa mchungaji ukifunga kidonda chake.

Hitimisho

Imebainika kwamba mafunzo ya Kikristo katika delta ya Tana hayakutokana na Kitabu kuletwa kwa watu wasiokuwa na lolote la kukiuliza. Kilifika mahali penye mawaidha yake, kikapokelewa na watu ambao hawakukusudiwa kwanza, na kikasomwa na wakulima ingawa taswira zake nyingi ni za wachungaji. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha msomaji wa Chara kuona malka ndani ya zaburi, mto ndani ya mfano wa mpanzi, na kinga ndani ya alama ya Kaini. Uhakiki wa mahubiri ya Kiswahili unapaswa kuanzia hapo: kwa kuuliza kila funzo linasemwa kutoka upande gani wa shamba, na nani anasimama upande wa pili akisikiliza.